Shajara ya mradi: pazia la katani kwa ukuta wa ngazi, Tanga

12 Januari 2025. Mzigo umefika

Leo nimeshusha kilo 22 za katani barazani na nyumba nzima inanuka shamba la mkonge. Nimeinunua shilingi 5,000 kwa kilo kwenye shamba moja njia ya Muheza. Ni daraja la chini, nyuzi zilizochanganyika urefu na rangi, ambazo wanunuzi wa nje hawazigombanii. Mimi ndizo ninazozitaka: nyingine nyeupe, nyingine zina madoa ya kijani pale jani lilipochelewa kufika korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye jani.

Nakusudia kufuma kipande kimoja cha upana wa mita 1.6 na urefu wa mita 3.4, kining'inie kwenye ukuta wa ngazi katika nyumba ya zamani ya ghorofa hapa mjini. Mwenye nyumba ni rafiki wa familia. Ukuta kaniachia, kazi ikimpendeza ataichukua kwa bei tutakayopatana. Naandika kila hatua ili mwenye hamu ya kuijaribu aanzie nilipofika mimi, asizirudie hasara zangu.

Kwa nini katani? Mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Babu yangu alitoka Songea akaja kukata mkonge, akawa manamba, kibarua wa mkataba, kama wenzake. Vizazi vitatu tumeishi na katani, na tulichoitengenezea ni kamba, magunia na mabrashi.

Miaka hiyohiyo ya 1960, huko Poland, Magdalena Abakanowicz alikuwa akikusanya kamba kuukuu za bandarini, akizifumua, akizitia rangi na kuzifuma upya ziwe maumbo makubwa kuliko mtu, ya kuning'inia katikati ya chumba ukayazunguka kama unavyozunguka mbuyu. Mwaka 1965 alipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya São Paulo, Brazili. Nyuzi zake zilikuwa katani. Tangu nilijue hilo, kila nikiona robota limefungwa kwenye lori la kwenda bandarini nasimama kulitazama.

2 Februari 2025. Fremu na mtande

Fremu ni mbao za mbili kwa nne, mita 2 kwa mita 4, imesimama uani chini ya bati. Misumari kila sentimita juu na chini. Mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazowambwa kwanza, ni twaini ya katani, roli 6, nyuzi 160. Mshindio unaopita katikati yake utakuwa katani yenyewe, haijasokotwa, mashada ya unene wa kidole. Uma wa kushindilia nimeuchonga mwenyewe kwa mbao, meno 9.

Kazi ya siku mbili, haina hadithi. Ila vaa barakoa unapochambua mashada, vumbi lake linakaba kifua. Na usivute katani kwa kiganja kitupu. Inachana kama wembe na husikii mpaka uguse chumvi.

23 Februari 2025. Jahazi

Nimefuma jioni kumi na moja, sentimita 90, na kesho naanza kufumua yote.

Nilikuwa nimechora jahazi. Mji unaitwa Tanga, basi nikaona tanga la jahazi ndilo picha yake: pembe nyeupe juu ya bahari nyeusi. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye mtande, ule mstari wa mshazari wa tanga ukawa ngazi-ngazi, kwa sababu mshindio wa unene wa kidole haukati kona ndogo. Nikapunguza unene wa mashada ili mstari unyooke, ukanyooka, lakini sehemu ile ikawa nyembamba na dhaifu kama kiraka. Nikaibana zaidi kwa uma. Ikawa ngumu kama ubao.

Shangazi alikuja leo kutoka Mwambani. Ni msukaji wa mikeka tangu hajavunja ungo. Bibi yetu, Mdigo, ndiye aliyemfundisha. Nilimwamkia, akaitika, akapita moja kwa moja nyuma ya fremu. Mbele hakutazama hata mara moja. Kule nyuma nilikuwa nimeacha ncha za mashada zikining'inia, shubiri mbili hivi, nikingoja kuzikata. Akazishika kwa mikono yote miwili, akazipima uzito, akaziachia zianguke.

"Huku ndiko kuna kazi, baba," akasema. "Mbele umeibana haina pumzi. Hii picha si ungeichora tu kwa rangi?"

Swali lake limenikaa. Ndilo lililowagawa wafumaji wa Ulaya. Mchoraji Mfaransa Jean Lurçat, mmoja wa walioanzisha maonyesho ya ufumaji ya Lausanne, Uswisi, mwaka 1962, alikuwa akichora mchoro mkubwa, kila rangi akaipa namba, kisha mafundi wa Aubusson, mji wa wafumaji Ufaransa, wakaifuma namba kwa namba. Kazi nzuri, sibishi. Lakini wino wa mawazo yote ulikuwa kwenye karatasi. Uzi ulikuja mwishoni kutii. Abakanowicz alishiriki maonyesho hayohayo tangu mwanzo, akifuma mwenyewe, akiamua mbele ya mtande, na katika miaka michache kazi zake zikabanduka ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa uani Tanga nikifuata karatasi yangu namba kwa namba.

Hasara: kilo 4 za katani. Mashada yaliyoshindiliwa vile hayafumuki mazima, yanatoka vipande vya kiganja.

16 Machi 2025. Kiuno

Ramadhani, tunafanya kazi baada ya alasiri mpaka karibu na futari. Shangazi amekubali kufuma nami kwa 15,000 kwa siku. Mengine tutazungumza kazi ikiisha.

Mchoro sasa ni mawazo matatu tu: juu nyeupe tupu, katikati kahawia inayoingia polepole, chini nyeusi, na kutoka ndani ya ule weusi nyuzi ziachiwe zianguke kwa uzito wake.

Tatizo la wiki hii ni kiuno. Kila tukiendelea, kipande kinajibana katikati: tulianza na sentimita 160, tulipofika sentimita 30 upana ukawa 151. Chanzo ni mimi. Nilikuwa napitisha mshindio ukiwa umenyooka kama rula, kisha naushindilia. Mshindio una safari ndefu kuliko inavyoonekana, maana lazima upande na kushuka juu ya kila uzi wa mtande. Usipoupa urefu wa ziada, unaudai pembeni.

Dawa yake: pitisha shada, liinue katikati liwe tao kama mgongo wa paka, ndipo ushindilie kuanzia katikati kwenda kandoni. Shangazi hakuhitaji kuelezwa. Mimi nimefunga fito ya sentimita 160 kwenye fremu, napima kila baada ya vidole vinne. Tumefumua sentimita 20, tumerudia, upana sasa ni 159.

13 Aprili 2025. Rangi

Hapa ndipo nilipopoteza fedha na muda mwingi, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Nilitaka nyeusi isiyotoka dukani. Nikachagua chai, kwani Usambara haiko mbali na vumbi la chai halina bei. Chai ina asidi ileile inayokausha ulimi, na asidi hiyo ikikutana na chuma inageuka nyeusi. Maji ya chuma nilitengeneza kwa misumari ya kutu iliyolowekwa kwenye siki wiki mbili.

Utaratibu: chemsha katani na sabuni saa nzima kutoa ule unto wa jani, suuza. Chemsha vumbi la chai, nusu kilo kwa kila kilo ya katani, chuja, tumbukiza katani, moto mdogo saa moja, iache ilale humo usiku. Asubuhi itie kwenye maji ya chuma.

Mara ya kwanza nilimimina jagi zima la maji ya chuma kwenye pipa lenye kilo 3 za katani. Dakika kumi ikawa nyeusi tii, nzuri mno, nyeusi yenye zambarau ndani yake. Nikafurahi, nikaiacha mpaka kesho yake ikolee. Nikaianika, nikaifunga mafungu.

Baada ya wiki mbili nikachomoa uzi mmoja. Katani nzima ukiivuta inalia kwanza, inakuingia kidoleni, inagoma. Hii ilikatika bila sauti, ikaacha vumbi jeusi kwenye kucha. Nikachomoa mwingine katikati ya fungu: vilevile. Chuma kikizidi, pamoja na siki ambayo haikusuuzwa, kinaendelea kuula uzi hata ukiwa mkavu kabatini. Kilo 3 zote tumetupa. Kama ningezifuma, kipande kingekatika kikiwa ukutani, juu ya vichwa vya watu.

Kilichofaa: kikombe kimoja cha maji ya chuma kwa ndoo ya lita 20. Chovya dakika tano, toa, pungia hewa nusu saa, suuza. Rudia mara tatu. Mwisho osha kwa maji yenye kijiko cha magadi ili kuua ukali wa siki, kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Nyeusi yake ni hafifu kidogo, inaelekea kijivu cha sufuria la kuni, na uzi unalia kama kawaida. Nimeupima kwa kuufunga jiwe la kilo mbili usiku kucha.

Manjano nayo nilijaribu, na shabu ya kushikizia rangi. Ilitoka kama dhahabu. Nusu niliianika juani, nusu nikaiweka sandukuni. Siku ya nane ile ya juani ilikuwa imebaki kama maji ya wali. Ngazi ile ina dirisha kubwa, kwa hiyo manjano nimeyaacha.

Kahawia hatukuipika kabisa. Tumenunua usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kilo 5 kwa kina mama wa jirani na Shangazi, wanaofukia makumbi kwenye tope la ufukweni miezi sita na zaidi, kisha wanayafukua na kuyaponda kwa rungu. Rangi imo ndani ya uzi wenyewe, na harufu ya bahari haijatoka.

4 Mei 2025. Masika

Mvua ya usiku wa Jumatano ilipigwa na upepo ikaingia chini ya bati. Asubuhi nilikuta mtande umekaza kiasi kwamba ukiugusa unatoa sauti kama zeze. Ubao wa chini ulikuwa umepinda sentimita 5, na kona moja ya fremu imepasuka. Nyuzi 14 za mtande zilikuwa zimekatika.

Mabaharia wanalijua hili zamani: kamba ya katani ikilowa inanenepa na kufupika. Jua lilipotoka mtande ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kufuma juu ya mtande wa namna hiyo ni bure, kila mstari unakaa mahali tofauti.

Nimebadilisha mbao za juu na chini nikaweka boriti, na ule wa chini sikuupigilia misumari. Unakaa kwenye bolti ndefu na kabari pande zote mbili. Usiku nazilegeza kabari, jioni kabla ya kufuma nazipiga nyundo mpaka mtande ukatae kidole. Nyuzi zilizokatika tumeziunga kwa fundo la mvuvi, mafundo yakasukumwa nyuma.

Kuvu imeota nyuma, madoa ya kijivu kama viganja. Kitambaa chenye siki, kisha upepo. Tumeacha pande zote wazi, na turubai sasa linashushwa usiku tu.

15 Juni 2025. Ukili wa katani

Wiki tatu nzuri kuliko zote.

Zile nyuzi za kuachiwa chini, nilidhani tutaziacha zilivyo, mashada tu. Tulipofika kwenye weusi tukajaribu: zilionekana kama ufagio. Shangazi akakaa kimya, kisha akachukua mashada tisa na kuanza kuyasuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, kama anavyosuka ukindu.

Halikukubali. Chane ya ukindu ni bapa, inalalia mwenzake na mkunjo wake unashika. Shada la katani ni mviringo, linateleza. Ukili wa kwanza ukatoka kama kamba ya ng'ombe, wa pili ukafumuka wenyewe tulipougeuza. Nikapendekeza gundi. Shangazi akanitazama kama nimetukana, nami nikaomba radhi.

Siku ya tatu akaloweka katani usiku mzima, asubuhi akaipiga kwa mchi juu ya kanga kuukuu, kwa upole, mpaka mashada yakalala. Akasuka ingali na maji, chane tisa, bila kukaza mkono. Ulipokauka ulikuwa bapa wenye mawimbi. Si ukili ulionyooka wa mkeka: kila baada ya shubiri unajikunja upande, kwa sababu kila shada linakauka kwa kasi yake. Nilimwuliza kama tuunyooshe. Akasema, "Uache. Ndivyo ulivyotaka kulala."

Amesuka kili 31, fupi ya nusu mita, ndefu ya mita mbili. Kila moja inatoka kwenye mshindio mweusi, mizizi yake imefumwa ndani kwa sentimita 15 ili isichomoke. Usiku nikiwasha taa ya uani kivuli chake ukutani kinatembea na upepo.

20 Julai 2025. Lebo

Nilipeleka picha kwa waandaaji wa onyesho moja. Jibu lao lilikuwa la adabu: wameiweka kwenye kundi la bidhaa za mikono, wanaomba bei kwa mita, na idadi ninayoweza kutoa kwa mwezi. Nimejitoa.

Sina ugomvi na bidhaa. Mkeka wa Shangazi ni kazi kamili, na bei anayopewa sokoni ni aibu yetu sote. Lakini aliyechora bahari kwa rangi ya mafuta haulizwi anauza mita ngapi kwa mwezi, na katika kipande hiki kuna maamuzi ya miezi sita ambayo mimi na Shangazi hatuwezi kuyarudia hata tukilipwa. Uzi haukupunguza uzito wa maamuzi hayo.

Kisha nikajiuliza mimi mwenyewe nimeandika nini kwenye lebo. Nilikuwa nimeandika jina langu peke yangu. Nilimsomea Shangazi, nikamwuliza kama angependa la kwake liwemo. Alinyamaza kidogo, akanikumbusha kwamba shambani baba yake alikuwa akiitwa kwa namba, na kwamba kipande chake, ile kadi ya kazi ya siku 30, ndicho kilichokuwa na namba hiyo. "Andika langu lote," akasema, "mpaka la babu yangu." Nimeandika upya: majina mawili, herufi za ukubwa mmoja. Na tumekubaliana theluthi ya bei ni yake, mbali na siku alizolipwa.

17 Agosti 2025. Kuning'iniza

Mizani ya kuning'iniza niliazima kwa muuza samaki wa Deep Sea: pazia lina kilo 19 na nusu. Nilikuwa nimeandaa mwanzi. Tulipoinua tu ukapinda na ukatoa mlio, tukashusha. Fundi wa kuchomelea ametutengenezea bomba la chuma na mabano matatu yenye bolti za ukutani. Bano la kati ndilo muhimu, usiliache.

Tumelisafirisha kwa kirikuu, limeviringishwa kili zikiwa ndani. Lilipofunguliwa lilikuwa na makunyanzi. Tulilinyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya mimea, uzito ukalinyoosha kufikia magharibi. Katani inashika moto upesi, kwa hiyo tumelikalisha mbali na nyaya na taa, na swichi ya pale ngazini imehamishwa.

Asubuhi mwanga wa dirisha unakuja kwa ubavu. Sehemu nyeupe, ambayo uani ilionekana tupu, inaonyesha kila mapito ya mshindio, na unaweza kuona ni wapi alifuma Shangazi na wapi mimi. Mkono wake umelala. Wa kwangu unapanda na kushuka.

14 Septemba 2025. Baada ya wiki nne

Limeshuka sentimita 6. Nilitarajia mbili. Ncha za kili ndefu zikawa zinagusa kidato cha tatu cha ngazi na mtu angeweza kuzikanyaga. Nilileta mkasi, Shangazi akaukataa. Amefumua ncha za kili saba, akazisuka upya zikirudi juu, na sasa kila moja inaishia kwa fundo. Ukipanga kazi kama hii, acha nafasi ya sentimita 10 chini.

Weusi haujabadilika. Siku ya unyevu ngazi inanuka chai kidogo.

Gharama zote: katani 110,000, twaini 30,000, fremu ya kwanza 68,000, boriti na bolti 41,000, usumba 30,000, chai, siki, shabu, manjano na magadi 46,000, kuni 18,000, bomba, mabano na fundi 85,000, usafiri 37,000, siku 19 za Shangazi 285,000. Jumla 750,000. Siku zangu sikuzihesabu, na hilo nitalirekebisha safari ijayo. Kwenye gharama hizo, 35,000 ni katani tuliyoipoteza kwa jahazi na kwa chuma.

Mwenye nyumba amelichukua kwa 1,800,000. Shangazi amepokea 600,000 yake jana. Kilo moja ya katani iliyobaki kaondoka nayo Mwambani. Ameniarifu leo asubuhi kwamba tayari iko majini.